UZI: Modeli zako, adapta na PostgreSQL – zijue amri zinazotumwa kwa niaba yako

mtu_wa_Kibirizi

Wakuu, salaam.

Vijana wanaotengeneza mifumo hapa Kigoma wameongezeka, na wengi wanaanzia sehemu moja. Mtu anaandika modeli (maelezo ya data yake ndani ya programu) kwenye Django au Laravel, fremu za kutengenezea mifumo, anaendesha amri mbili, jedwali linatokea kwenye kanzidata, kazi inaendelea. Hakuna ubaya hapo. Matatizo yanaanza mfumo ukishaingia kazini: makarani watatu wanaingiza mizigo ya dagaa kwa mpigo, ripoti ya mwezi haifunguki, jumla ya kilo haifanani na ya daftari. Hapo usipojua kilichopo kati ya modeli na jedwali, utabaki kubahatisha.

Nitatumia mfano wa ghala la dagaa Kibirizi kwa sababu ndiyo kazi wengi wetu tunaiona kila siku. Upande wa zana ni Django, na kanzidata ni PostgreSQL, ila mengi yatawafaa na wa Laravel, Hibernate na kwingineko.

Kati ya programu na kanzidata kuna tabaka mbili. Ya chini ni draiva, inayojua kufungua muunganisho, kutuma amri ya SQL (lugha ya kanzidata) na kurudisha mistari. Python wakitumia PostgreSQL wana psycopg, Java wana JDBC, PHP wana PDO. Juu yake kuna ORM, inayogeuza mstari wa jedwali uwe kitu ndani ya programu, kisha ikigeuze tena kiwe mstari. Ndani ya ORM ya Django kuna kipande maalumu kwa kila kanzidata, na hicho ndicho adapta yenyewe. Kinajua kwamba namba inayojiongeza PostgreSQL inaandikwa GENERATED BY DEFAULT AS IDENTITY, na MySQL inaandikwa AUTO_INCREMENT. Wewe unaandika modeli moja, adapta inachagua lugha.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Tangu Edgar Codd wa IBM achapishe makala yake mwaka 1970, kanzidata ya uhusiano inahesabu mambo kwa majedwali na masharti. Programu zetu zinahesabu kwa vitu vilivyoshikana: mzigo una mwenyewe, mwenyewe ana mizigo, mizigo ina malipo. Adapta inaziba pengo hilo, lakini haliondoki.

Tuone kwa macho. Modeli hizi hapa:

```
class Mfanyabiashara(models.Model):
    jina = models.CharField(max_length=120)
    simu = models.CharField(max_length=15, unique=True)

class Mzigo(models.Model):
    mwenyewe = models.ForeignKey(Mfanyabiashara,
                   on_delete=models.PROTECT,
                   related_name="mizigo")
    kilo = models.DecimalField(max_digits=8, decimal_places=2)
    bei_kwa_kilo = models.DecimalField(max_digits=10, decimal_places=2)
    umepokelewa = models.DateTimeField()
```

Kabla ya kuendesha `migrate` (amri inayounda majedwali), endesha `python manage.py sqlmigrate ghala 0001`. Haibadilishi chochote, inakuonyesha tu SQL itakayotumwa. Sehemu ya mzigo inatoka hivi:

```
CREATE TABLE "ghala_mzigo" (
  "id" bigint NOT NULL PRIMARY KEY
       GENERATED BY DEFAULT AS IDENTITY,
  "kilo" numeric(8, 2) NOT NULL,
  "bei_kwa_kilo" numeric(10, 2) NOT NULL,
  "umepokelewa" timestamp with time zone NOT NULL,
  "mwenyewe_id" bigint NOT NULL
);
```

Chini yake utakuta amri ya kuweka ufunguo wa nje kwenye mwenyewe_id (sharti kwamba mfanyabiashara huyo awepo kwenye jedwali lake), na ya kuweka fahirisi ya kuharakisha utafutaji kwenye safu hiyohiyo.

Sasa tazameni kisichokuwepo. Ile PROTECT, ya kukataza kufuta mfanyabiashara mwenye mizigo, haipo popote. Hiyo sheria anaitekeleza Django mwenyewe ndani ya Python. Ufunguo wa nje utazuia kufuta mfanyabiashara mwenye mizigo, sawa, lakini mngeandika CASCADE mkidhani kanzidata imeambiwa ifute na mizigo, haijaambiwa. Mtu akiingia moja kwa moja kwa psql (programu ya kuandikia PostgreSQL amri bila kupitia Django), anakutana na kanzidata isiyojua habari za CASCADE yenu.

Pili, hakuna kinachozuia kilo kuwa -40. Fomu inaweza kuzuia, lakini `save()` peke yake haipitishi ukaguzi wa modeli. Msimbo unaosoma faili la Excel na kuita `save()` utaingiza hasi bila kuulizwa. Kwa hiyo sharti liwekwe kwenye kanzidata kwa CheckConstraint ya kilo kubwa kuliko sifuri. Likishakaa pale, kilo hasi, ziwe zimetoka kwenye fomu, kwenye Excel au kwenye mkono wa mtu, zinakataliwa.

Msimamo wangu ndio huo na nitautetea humu: adapta ikuandikie SQL, lakini usikubali ikufiche SQL. Na sheria yoyote inayohusu pesa au uzito wa mtu, ikae kwenye kanzidata, isikae kwenye modeli peke yake.

Karibuni kwa maswali.

---

binti_Ujiji

Shukrani sana mkuu. Naomba msaada. Nina ukurasa unaoonyesha mizigo ya wiki pamoja na majina ya wenyewe. Kwenye kompyuta yangu unafunguka mara moja, kwenye seva unasota mpaka mtumiaji anaufunga. Msimbo ni mfupi tu:

```
for m in Mzigo.objects.all():
    print(m.kilo, m.mwenyewe.jina)
```

---

mtu_wa_Kibirizi

Dada, tatizo liko kwenye `m.mwenyewe.jina`. Mstari wa kwanza unatuma amri moja na kuleta mizigo yote, ila ikiwa na mwenyewe_id tu, bila jina. Kila lupu ikizunguka, Django inakwenda tena kwenye kanzidata kumtafuta mwenye mzigo huo. Ukiwa na mizigo 400 zimetumwa amri 401. Kwenye kompyuta yako kanzidata iko palepale na una mizigo kumi ya majaribio, huwezi kuona kitu. Kama seva ya programu na seva ya kanzidata ni mashine mbili, kila amri inakwenda na kurudi njiani, na safari 401 ni nyingi.

Andika hivi:

```
Mzigo.objects.select_related("mwenyewe")
```

Inakuwa amri moja yenye JOIN, yaani inayounganisha majedwali mawili. Ukitaka upande wa pili, yaani wafanyabiashara na mizigo yao, tumia `prefetch_related("mizigo")`, ambayo inatuma amri mbili na kuunganisha matokeo ndani ya Python.

Na huna haja ya kuniamini. Washa logi ya `django.db.backends` ukiwa kwenye mazingira ya majaribio, kila amri itapita mbele yako.

---

fundi_wa_Tabora

Naongezea kwa wa Laravel, maana mimi niko Tabora na kazi zangu nyingi ni za Eloquent (ORM ya Laravel), nahesabu ndoo za asali badala ya dagaa. Tatizo la dada lipo vilevile kwetu, dawa ni `Mzigo::with('mwenyewe')->get()`. Ukitaka programu ikupigie kelele yenyewe, weka `Model::preventLazyLoading()` kwenye mazingira ya majaribio. Mtu akisahau `with`, inarusha kosa hapohapo, husubiri mteja alalamike.

Lingine dogo: Eloquent inatunga jina la jedwali kwa kanuni za wingi wa Kiingereza. Modeli ikiitwa Mzigo, itatafuta jedwali linaloitwa mzigos. Andika `protected $table = 'mizigo';` mapema, usije ukapoteza mchana unatafuta kosa la jedwali lisilokuwepo.

---

Gungu_dev

Wakuu, mimi naona ORM ni mzigo wa bure. SQL naijua, naandika mwenyewe, naona kila kitu. Kwa nini niweke mtu wa kati?

---

mtu_wa_Kibirizi

Kaka Gungu, hoja yako ina uzito na kwa ripoti nzito nafanya hivyohivyo, naandika SQL kwa mkono. Ripoti ya mauzo kwa wiki, kwa soko, kwa daraja la dagaa, ukiilazimisha ipite kwenye ORM unapata kitu ambacho hata wewe hukielewi kesho.

Lakini kwa kazi za kila siku adapta inakupa vitu viwili ambavyo binadamu akichoka anavisahau. Cha kwanza ni kutenganisha amri na data. Ukiita `filter(simu=namba)`, ile namba inakwenda kama data, haichanganywi na maandishi ya amri. Ukiandika kwa mkono, fanya `cursor.execute("... WHERE simu = %s", [namba])`. Anayeunganisha maandishi kwa f-string amefungua mlango kwa yeyote atakayeandika SQL kwenye kisanduku cha simu, na hapo hakuna adapta itakayomwokoa.

Cha pili ni historia ya mabadiliko ya majedwali. Mafaili ya migresheni yanakaa pamoja na msimbo, kwa hiyo kijana mpya akija anajenga kanzidata ileile tangu mwanzo. Na hapa PostgreSQL ina faida kubwa: migresheni ikikwama katikati, mabadiliko yote ya faili hilo yanarudishwa nyuma kama hayakuwahi kutokea. MySQL haifanyi hivyo kwa amri za kubadilisha majedwali. Inabaki nusu, unarekebisha kwa mkono.

---

karani_mkuu

Habari wakuu. Mimi si mwandishi wa programu, nasimamia stoo. Mfumo tuliotengenezewa unatoa salio lisilo sahihi. Makarani wawili wakitoa mzigo kwa wakati mmoja, salio linabaki juu kuliko kilichopo sakafuni. Aliyetengeneza anasema makarani wanakosea kuingiza. Je, inawezekana ni mfumo?

---

mtu_wa_Kibirizi

Mzee wangu, inawezekana sana, na nashukuru umeuliza kwa sababu hili ndilo linaloumiza watu wasio na hatia. Karani anakatwa mshahara kwa kosa ambalo hakulifanya. Naomba nilieleze taratibu.

Chukua stoo ina kilo 500. Msimbo ambao unakutwa kwenye mifumo mingi ni huu:

```
stoo = Stoo.objects.get(id=1)
stoo.kilo_zilizopo -= 30
stoo.save()
```

Karani wa kwanza anatoa kilo 30, wa pili kilo 80, sekunde ileile. Programu ya wa kwanza inasoma 500. Kabla haijaandika, programu ya wa pili nayo inasoma 500. Wa kwanza anaandika 470. Wa pili anaandika 420. Salio la kweli ni 390. Kilo 30 za karani wa kwanza zimefutika kwenye hesabu, na wote wawili waliingiza sawasawa.

Kosa ni kwamba hesabu imefanyika ndani ya programu, kwa namba iliyosomwa zamani. Hesabu ifanywe na kanzidata yenyewe:

```
n = Stoo.objects.filter(id=1, kilo_zilizopo__gte=30) \
        .update(kilo_zilizopo=F("kilo_zilizopo") - 30)
```

SQL inayotumwa inasema: punguza 30 kwenye namba iliyopo sasa, mradi iliyopo inatosha. Wakija wawili, PostgreSQL inampitisha mmoja, wa pili anasubiri, kisha anapunguza kwenye namba mpya. Na `n` ikirudi 0, maana yake kilo hazikutosha, karani aambiwe.

Kama kuna hatua nyingi kabla ya kuandika (kukagua deni, kutoa risiti), basi weka kila kitu ndani ya `transaction.atomic()` na usome kwa `select_for_update()`. Mstari huo unafungwa mpaka muamala (kundi la amri zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote) uishe. Bila `atomic`, kumbukeni, Django inathibitisha kila amri peke yake. Umeme ukikatika kati ya kupunguza salio na kuandika risiti, salio limepungua na risiti haipo.

Kuna jambo la jirani yake ambalo wengi hawalijui. `save()` ya Django inaandika safu zote za mstari, hata ambazo hujazigusa. Karani mmoja anabadilisha jina la mteja, mwingine anabadilisha simu ya mteja kwenye mstari huohuo, wa mwisho anarudisha thamani ya zamani ya mwenzake bila kujua. Taja unachobadilisha: `save(update_fields=["simu"])`.

Mzee, mwonyeshe aliyetengeneza mfumo ujumbe huu. Akitaka kuhakikisha, afungue dirisha mbili na atoe mzigo kwa pamoja.

---

fundi_wa_Tabora

Kwenye hilo la mwisho Eloquent ina nafuu, `save()` yake inaandika safu zilizobadilika tu. Ila la kupunguza salio lipo palepale, tumieni `decrement()`, au `lockForUpdate()` ndani ya `DB::transaction`.

---

binti_Ujiji

Ukurasa sasa unafunguka bila kusubiri, ahsante sana kaka. Swali jingine: kwenye kompyuta natumia SQLite, kwenye seva PostgreSQL. Kwa kuwa adapta inachagua lugha, si ni sawa tu?

---

mtu_wa_Kibirizi

Si sawa, dada, ingawa inashawishi kwa sababu SQLite haihitaji kufunga chochote. Adapta inatafsiri amri, haiwezi kuifanya kanzidata moja iwe na tabia ya nyingine.

SQLite ni legevu kwenye aina za data. Ukiandika safu ya herufi 15, ukaingiza 40, inapokea. PostgreSQL inakataa. Kwa hiyo hitilafu ambayo hujaiona Ujiji nyumbani itajitokeza kwenye seva mbele ya wateja. Jambo zito zaidi ni desimali. SQLite haina aina ya desimali kamili kama numeric ya PostgreSQL, namba zenye nukta inaziweka kama zile ambazo 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Jumlisha kilo na bei za mwezi mzima uone senti zinavyotangatanga. Funga PostgreSQL kwenye kompyuta yako, toleo lilelile la seva.

Kwa kuwa uko kwenye mizigo ya dagaa, ongeza na suala la saa. Wavuvi wanavua usiku kwa taa, na magari ya mzigo mengine yanapakia usiku wa manane. Django ikiwa na USE_TZ inahifadhi muda kwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Mradi mpya unakuja na `TIME_ZONE = "UTC"`. Ukiacha hivyo, mzigo uliopokelewa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne unaingia kwenye ripoti ya Jumatatu. Andika `"Africa/Dar_es_Salaam"`. Hata hivyo, SQL ya mkono unayotuma kupitia Django bado inaendeshwa kwa UTC, kwa hiyo ripoti za mkono ziandike hivi:

```
(umepokelewa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date
```

Na simu ihifadhiwe kama maandishi, daima. Ukiiweka namba, sifuri ya mwanzo inapotea. Isitoshe, `unique` haitakusaidia ikiwa mtu mmoja kaandikwa kwa sifuri na tena kwa +255. Chagua umbo moja, ligeuze kabla ya kuhifadhi.

---

Kasulu_kahawa

Nimesoma kimya, nondo kwelikweli. Sisi huku chama chetu cha wakulima kina MySQL ya zamani sana, aliyeijenga hayupo tena. Ina majedwali ya wakulima na malipo. Nataka kuiwekea Django juu yake bila kuivunja. Naanzia wapi?

---

mtu_wa_Kibirizi

Mkuu, kwanza nakala rudufu, na ujaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine kabla hujagusa kitu. Baada ya hapo endesha `python manage.py inspectdb`. Inasoma majedwali yaliyopo na kukuandikia modeli. Zitatoka zikiwa na `managed = False`, yaani migresheni za Django hazitaunda wala kufuta majedwali hayo. Usiiondoe hiyo kwa haraka.

Zipitie modeli hizo moja moja. Utakachokiona, nadhani, ni kwamba malipo yana `mkulima_id` ambayo imetoka kama namba tu, si uhusiano. Sababu iko kwenye MySQL yenyewe. Kabla ya toleo 5.5 la mwaka 2010, majedwali yalikuwa yanaundwa kwa MyISAM (injini ya zamani ya kuhifadhi majedwali) yasipoambiwa vingine, na MyISAM haitekelezi ufunguo wa nje. Haina miamala pia, kwa hiyo `transaction.atomic()` utaandika na haitakulinda. Kagua kwa `SHOW TABLE STATUS`, tazama safu ya Engine.

Kama ni MyISAM, tafuta kwanza malipo yasiyo na mkulima:

```
SELECT m.id, m.mkulima_id FROM malipo m
LEFT JOIN wakulima w ON w.id = m.mkulima_id
WHERE w.id IS NULL;
```

Mistari hiyo usiifute. Ni fedha za watu. Itoe, ikae na mhasibu na daftari la zamani mpaka kila mmoja ajulikane ni wa nani. Ikishatulia, geuza majedwali yote mawili kwa `ALTER TABLE ... ENGINE=InnoDB` (injini yenye miamala na ufunguo wa nje), weka ufunguo wa nje, halafu ndipo ubadilishe ile namba kuwa ForeignKey kwenye modeli, ukitaja `db_column="mkulima_id"` na `on_delete=models.PROTECT`.

---

Kasulu_kahawa

Nimetazama sasa hivi. Malipo ni MyISAM, wakulima ni InnoDB. Ile amri imeleta mistari, si michache. Jumatatu nakaa na mhasibu.

---

mtu_wa_Kibirizi

Vizuri. Mkishamaliza na mhasibu, weka hapa muundo wa majedwali hayo mawili (`SHOW CREATE TABLE`), bila majina ya wakulima. Aina ya `id` na ya `mkulima_id` lazima zifanane kabisa, ikiwa moja ni `int` na nyingine `bigint` MySQL itakataa ufunguo wa nje. Tutaliangalia kabla hujaendesha ALTER.